Mungu Atatoa, Ila Daftari la Matumizi Liko Wapi?

Wanandoa wakija kwangu kwa ushauri huku madeni yamewafika shingoni, mara nyingi mume ndiye huanza: "Mchungaji, sisi tumemwachia Mungu." Nikimuuliza kodi inalipwa tarehe ngapi, hajui. Mkewe anajua. Anajua na deni la dukani, na ada iliyobaki, na siku unga utakapokwisha. Mzigo ambao bwana anasema amemtwika Mungu uko kichwani kwa mkewe.

Dhana yenyewe ni kwamba kupanga ni kukosa imani, na andiko lake ni Mathayo 6: "Msisumbukie ya kesho." Sawa. Lakini Yesu huyohuyo, katika Luka 14, anauliza ni nani atakaye kujenga mnara asiketi kwanza kuhesabu gharama. Alichokataza ni kuitafuna kesho usiku kucha. Kuihesabu hakukataza. Halafu wale ndege wa angani, ambao lazima nitajiwe! Hawapandi wala hawavuni, kweli, ila waliokuwa wakisikiliza walipanda na kuvuna, na hakuna aliyeambiwa atupe jembe.

Someni kitabu cha Kutoka, sura ya 16, mpaka mwisho. Mana, chakula cha Waisraeli jangwani, ilitoka kwa Mungu, lakini ilibidi watu watoke asubuhi wakaokote, maana jua likiwa kali iliyeyuka. Aliyeiweka mpaka kesho yake aliikuta ina mabuu. Siku ya sita wakaamriwa kuokota maradufu na kuweka akiba ya Sabato, na hiyo haikuoza. Aliyekataza akiba na aliyeiagiza ni mmoja. Kule Misri nako, Yusufu alishauri sehemu ya tano ya mavuno itengwe miaka 7 mfululizo kabla ya njaa. Sijasikia mtu akimwita Yusufu asiye na imani.

Kwa hiyo siku hizi nawaambia waje na daftari. Ukurasa wa kwanza: kinachoingia na kinachotoka, wote wawili wakiandika. Ukurasa wa pili: yaliyo nje ya uwezo wao. Huo wa pili tunauombea pamoja hata saa nzima. Wa kwanza siuombei ukiwa mtupu.

Mengine nayataja kwa kupita. Eti mwenye imani hapungukiwi: Paulo anawaandikia Wafilipi, akiwa kifungoni, kwamba anajua kushiba na kuona njaa. Eti utoe kodi ya nyumba kama mbegu nayo itarudi maradufu: mwenye nyumba anadai haki yake, na kumnyima si ibada. Eti kuomba msaada kwa watu ni kumdharau Mungu: Eliya alilishwa na kunguru, kijito kilipokauka akatumwa kwa mjane wa Sarepta, na Eliya akamwomba maji na kipande cha mkate bila haya.

La mwisho, kwamba wasiwasi wowote ni dhambi, huwaumiza walio wanyonge tayari. Zaburi zimejaa watu wanaomlilia Mungu kwa hofu, na hawakufukuzwa. Mtu aliyekosa usingizi wiki kadhaa, moyo ukimwenda mbio na chakula hakipiti, simkemei wala simpi mistari ya kukariri. Namwombea, kisha namwelekeza kwa daktari, na akiandikiwa dawa, azimeze.