Bundi wa makaburini hamwiti mtu

Juma lililopita nilipigiwa simu tena. Kwenye makaburi ya zamani hapa Jinja, vijana wamechoma tundu la mvule eti bundi alilia usiku aliofariki mzee wa jirani. Ndani mlikuwa na makinda matatu. Miaka yote nimeeleza kwa upole, leo nimechoka.

Kwanza, bundi yupi? Anayelala tunduni pale ni babewatoto, mwenye uso mweupe wa umbo la kopa. Huyu hasemi "huu". Hupiga ukelele mkavu, kama shuka kuukuu linachanwa. Anayesema "hu-hu, hu-hu-hu" ni bundi wa msituni, wa kahawia, mla wadudu, na mara nyingi mnaowasikia ni wawili, dume na jike wanajibizana, sauti ya jike ikiwa nyembamba zaidi. Mnawachanganya, halafu mnamchoma asiyehusika. Na mlio huo upo usiku baada ya usiku! Mnausikia penye msiba kwa sababu siku hiyo mmekesha. Tena mmewasha taa, kumbikumbi wamejaa uani, na mla wadudu amewafuata hadi kwenye paa la wafiwa. Kifo kilishatangulia.

Nendeni mchana chini ya mvule ule. Mtaona vitonge vyeusi kama kidole gumba, vinavyong'aa vikiwa vibichi: manyoya na mifupa anayotapika baada ya kumeza windo zima. Jumapili nilipasua kimoja juu ya kaburi lililovunjika. Mafuvu manne: matatu ya panya, moja la kirukanjia, meno yake meupe bado makali kidoleni.

Hapa niseme ukweli. Siwezi kuapa kwamba panya hao walikamatwa makaburini. Babewatoto huvuka ukuta akawinda mashambani na nyuma ya maduka, na kitonge hakisemi windo lilitoka wapi. Ninachokiona kwa macho ni kwamba makaburi yanampa mahali pa kulala na kulea: mti mzee wenye tundu, na utulivu. Kule kwenye makaburi ya vita, nyasi hukatwa fupi, na ninaowakuta ni kwarara wakidungadunga udongo kutafuta minyoo.

Sumu ya panya nayo acheni. Panya aliyeila huzurura siku kadhaa kabla ya kufa, na bundi humla na sumu yake.

Mvule haukufa. Jana saa moja jioni babewatoto mmoja alikuwa ametua kwenye msalaba wa zege, uso ameuelekeza nyasini. Mlinzi ana namba yangu. Nipigieni kabla ya kuwasha kiberiti.