Je, wajua kwa nini jumuiya za programu huria hukuuliza maswali kabla ya kukusaidia?

Mtumiaji wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, kama vile LibreOffice ya kazi za ofisi au mfumo endeshi wa Linux, anapokwama, mara nyingi huiandikia jumuiya ya watumiaji kwamba programu yake haifanyi kazi na kwamba anahitaji msaada wa haraka. Badala ya jibu hupokea maswali. Unatumia toleo gani? Ulikuwa unafanya nini kabla hitilafu haijatokea? Ujumbe uliojitokeza kwenye skrini unasema nini, neno kwa neno? Wengi huhisi wamepuuzwa, na wapo wanaoondoka kwa hasira. Kwa nini basi watu waliojitolea kuwasaidia wasiowajua huanza kwa kuhoji?

Jibu linaanzia kwenye ukweli kwamba anayekujibu haioni kompyuta yako. Kusema kwamba programu haifanyi kazi kunaweza kumaanisha kuwa haifunguki kabisa, kwamba inafunguka kisha inajifunga, kwamba faili limejaa herufi zisizosomeka au kwamba printa haiitikii, na kila moja kati ya hayo ina chanzo chake. Hitilafu huanza kutatulika pale mtu mwingine anapofuata hatua zako na kuishuhudia ikitokea kwenye mashine yake mwenyewe. Asipoweza kufanya hivyo, atabaki kubahatisha, na kila anapobahatisha anatumia muda ambao hakuna anayemlipa.

Muda huo ndio unaofafanua taratibu nyingine ambazo mgeni huziona kuwa za ukali. Ukimwandikia mmoja wa wanajumuiya faraghani, yaelekea atakuomba uliulize swali lako mbele ya wote, kwa sababu jibu la faragha humfaa mtu mmoja tu na likiwa na kosa hakuna wa kulisahihisha, ilhali jibu la wazi litasomwa miaka mingi baadaye na mtu aliyekwama palepale ulipokwama wewe. Kwa sababu hiyohiyo unatarajiwa kutafuta kwanza kama swali lako limeshajibiwa, na tatizo likiisha, urudi kueleza kilicholitatua. Desturi hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi, nami naiona kuwa muhimu kuliko zote, kwa kuwa anayefika baadaye na kukuta maelezo marefu ya tatizo bila neno lolote kuhusu namna lilivyoisha hulazimika kuanza upya.

Madhara ya kumtendea mtu wa kujitolea kana kwamba ni mwajiriwa wako yalionekana wazi katika mkasa wa XZ Utils, programu ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux duniani. Kwa miaka mingi programu hiyo ilitunzwa hasa na mtu mmoja, bila malipo. Mwaka 2022 akaunti kadhaa zisizofahamika zilianza kumlaumu hadharani kwa kuchelewesha masahihisho na kumshinikiza akabidhi kazi kwa mwingine. Alijibu kwamba matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili yalikuwa yamempunguzia uwezo, akakumbusha pia kwamba anaifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Hatimaye mchangiaji aliyejiita Jia Tan alipewa mamlaka ya kutoa matoleo, na matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya mwaka 2024 yakatoka yakiwa na mlango wa siri ambao ungeweza kumpa mvamizi udhibiti wa seva. Wataalamu wengi wanaamini kwamba akaunti zile za malalamiko zilikuwa sehemu ya njama hiyo. Kinachonisikitisha ni kwamba zilifanikiwa kwa sababu lugha yao haikuonekana kuwa ngeni: watunzaji wa programu huria wamezoea kusemwa hivyo na watumiaji wa kweli.

Mlango huo uligunduliwa na Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wasanidi wa PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata, aliyeona kwamba muda wa kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuiendesha kompyuta ukiwa mbali, ulikuwa umepanda kutoka takriban sekunde 0.3 hadi 0.8. Tarehe 29 Machi 2024 alitoa taarifa ya wazi iliyotaja matoleo husika, vipimo alivyochukua na yale aliyokuwa bado hajayathibitisha. Wengine waliweza kuendelea mara moja kutoka pale alipofika.

Adabu hiyo inawahusu pia wenyeji. Mzoefu anayemkejeli mgeni kwa kuuliza jambo jepesi humfukuza mtu ambaye kesho angewasaidia wengine. Ubuntu, mfumo endeshi uliojengwa juu ya Linux, ilikuwa na kanuni za maadili tangu ilipoanza mwaka 2004, lakini mradi wa kiini cha Linux, yaani sehemu ya msingi ya mfumo huo, ulichelewa. Ni Septemba 2018 ambapo mwanzilishi wake, Linus Torvalds, aliomba radhi kwa ukali wa barua zake na kukaa kando kwa muda, na mradi huo ukapokea kanuni mpya za maadili.

Anayetaka kushiriki halazimiki kujua kuandika msimbo. Anaweza kutafsiri menyu, kurekebisha maelekezo yaliyopitwa na wakati, au kuchukua hitilafu iliyoripotiwa na mwingine, akafuata hatua zilezile kwenye mashine yake, kisha akaandika ni toleo gani alilotumia na kama hitilafu ilijirudia au la.