Je, wajua kwa nini malori nje ya hoteli ya barabarani ni ushahidi bora wa chakula kizuri kuliko mabasi?

Kila Desemba, familia nyingi za Nairobi na za bara hufunga safari ya kwenda Mombasa, Diani na Malindi kwa gari, na katika barabara hiyo ya takriban kilomita 480 kati ya Nairobi na Mombasa swali la mahali pa kula huzuka mapema, hasa penye watoto. Wengi hujibu kwa kutazama mabasi: palipoegeshwa mabasi mengi pana watu wengi, na penye watu wengi, wanasema, hapakosi chakula kizuri. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inasahau kuuliza ni nani aliyechagua pale.

Abiria wa basi hakuchagua. Aliyechagua ni dereva na kondakta wake, ambao kwa desturi ya barabara zetu huandaliwa chakula bila malipo kwa kuwa wameleta wateja hamsini kwa mpigo mmoja. Mwenye hoteli anajua kwamba abiria hao wana dakika ishirini tu, hawawezi kuvuka barabara kutafuta pengine, na wengi wao hawatapita tena hadi mwaka ujao. Kinachomfaa ni kuwahudumia haraka, na kwa sababu hiyo chakula hupikwa mapema, kwa wingi, kikae tayari kikisubiri honi ya basi. Dereva wa lori yuko katika hali tofauti kabisa. Anapita njia hiyo hiyo mwezi mzima, analipa kutoka katika posho yake, anasimama anapotaka, na akipakuliwa nyama ngumu au mchuzi uliolala, wenzake watapata habari kabla jua halijatua. Hoteli inayomtegemea haina budi kulinda jina lake kila siku.

Hata hivyo malori nayo yasomwe kwa uangalifu. Pale Mlolongo na Mariakani yamejipanga kwa sababu ya mizani ya kupimia uzito wa malori, na kwingineko yamefuata uwanja mpana wa kuegesha, gereji au chumba cha kulala. Wako pia madereva wanaojipikia kando ya gari. Kwa hiyo usihesabu malori. Angalia kama madereva na utingo wao wako mezani, na kama wanakula chakula kizima cha mchana au wanakunywa chai tu.

Jiografia nayo ina sehemu yake. Mtito Andei imekuwa kituo kikubwa cha kula si kwa sababu ya umahiri wa wapishi wake, ingawa wapishi wazuri wapo. Mji huo uko karibu na katikati ya safari, na ukishauacha kuelekea pwani, barabara inapita kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, zilizotengwa mwaka wa 1948, kwa karibu kilomita 100 zenye makazi machache sana hadi Voi. Anayeuza chakula kwenye ukingo wa nyika kama hiyo ana wateja wenye hofu ya njaa, na hofu hiyo humuuzia hata siku ambayo hakupika vizuri. Voi yenyewe ni kituo cha kula tangu enzi za reli ya mwanzo, wakati treni zilikuwa hazina behewa la chakula na abiria walilazimika kushuka ili wale.

Lakini sababu iliyo nzito kuliko zote iko ndani ya sufuria. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa mbili, na kwamba kinachosubiri kuliwa kidumishwe katika joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huongezeka upesi. Wali ndio unaowadanganya watu wengi. Mchele huweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, mbegu ambazo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu ambayo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Kutapika huanza kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, yaani mtu aliyekula Mtito Andei anaweza kuzidiwa akiwa bado njiani, mbali na hospitali.

Hapo ndipo wingi wa walaji unapopata maana yake ya kweli. Sufuria inayoisha na kupikwa upya haimpi bakteria nafasi ya kuzaliana, na ile iliyojaa tangu asubuhi inampa siku nzima. Ukiingia hotelini, tazama mvuke kabla ya kutazama bei. Chapati inayotoka kwenye kikaango mbele yako, yai la kuchemsha linalomenywa ukiona, maharagwe yanayotokota na nyama choma iliyopimwa kilo ikiwa mbichi ni salama zaidi kuliko soseji na sambusa zilizopangwa katika kabati la kioo chini ya balbu. Balbu hiyo huzipa rangi ya kuvutia, lakini aghalabu joto lake halitoshi. Nyama choma, bila shaka, inadai subira ya karibu saa nzima, na asiyekuwa na muda huo asiiagize kisha akamharakisha mchomaji, kwa maana ataletewa nyama iliyoungua nje na kubaki mbichi mfupani. Msongamano wa Krismasi huleta kasoro hiyo hiyo hata katika jikoni nzuri: chakula hakilali, lakini kuku hutolewa kabla ya kuiva na sahani husuuzwa kwa haraka.

Kabla ya kuagiza, nenda kanawe mikono. Sehemu kubwa ya njia hii ni ukame, maji ni ghali, na hoteli ambayo bomba la wateja limekauka na sabuni haipo haiwezi kunishawishi kwamba jikoni maji yanatiririka.

Kwa anayetoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, ratiba ninayoiona bora ni kunywa chai Makindu mnamo saa tatu na kula chakula cha mchana Voi kati ya saa sita na saa saba, wakati sufuria za mchana ndiyo kwanza zinaepuliwa. Makindu lipo hekalu la Makalasinga (Sikh) lililojengwa mwaka wa 1926, ambalo hulisha msafiri yeyote bila malipo na bila kuuliza dini yake. Chakula hakina nyama, ni kama dengu na chapati. Unavua viatu, unafunika kichwa, huingii na pombe wala sigara, na ukipenda unaacha sadaka. Sijui desturi nyingine ya barabara hii inayostahili heshima zaidi. Wakati wa kurudi Januari, ratiba hiyo inageuka: atakayeondoka Mombasa saa kumi na mbili atafika Voi kwa chai ya saa tatu na Makindu kwa chakula cha mchana. Atakayechelewa hadi saa tisa au saa kumi ajue kwamba sufuria nyingi zina mabaki ya mchana, na itamfaa zaidi kuagiza mayai yakaangwe papo hapo.