Mishipa iliyozaliwa vibaya ndani ya ubongo: yasemwayo barazani na yaliyo kweli

Nyumbani kwa shangazi yangu, Chake Chake, bahasha ya picha za MRI ilikaa mezani wiki nzima pamoja na chupa ya kombe, yale maji yaliyooshea aya za Qur'ani. Mwanawe wa miaka 19 aliingia ganzi upande wa kushoto, kikombe cha chai kikamponyoka. Kila aliyekuja kutupa pole alikuja na lake.

Wa kwanza alisema upepo mbaya, kijana akakandwa kwa mafuta ya karafuu siku mbili. Picha ikaonesha kavenoma kwenye thalamasi, ndani kabisa ya ubongo: vijishimo vya damu iendayo polepole, vimeshikana kama tunda la forosadi, navyo vilikuwa vimevuja. Kiasi cha mtu 1 katika 200 anayo, na wengi hawajui maisha yao yote. Sina ugomvi na kombe wala dua. Ugomvi wangu ni zile siku mbili. Ganzi au udhaifu wa ghafla wa upande mmoja ni hospitali saa ile ile.

Wengine wakasema saratani. Siyo, na haisambai mwilini. Wala si ile hitilafu nyengine, ambayo ateri (mshipa utoao damu moyoni) inamwaga damu moja kwa moja kwenye vena (mshipa uirudishao) bila ya kapilari, vile vijishipa vyembamba, baina yao. Huko damu inapita kwa nguvu, na hatari ya kutoka damu ni kama asilimia 2 hadi 4 kwa mwaka. Watu huzichanganya mbili hizi, ukamkuta mwenye moja anafuata ushauri wa mwenye nyengine.

Lililotutisha zaidi ni hili: "Imo ndani mno, haifikiki mpaka ubongo wote ukatwe." Menya chungwa utazame. Pande zake huachana kwenye utando bila ya kumwaga maji. Ubongo nao una mikunjo. Daktari wa upasuaji, akitumia darubini, huachanisha taratibu utando wa mfereji ulio pembeni ya kichwa, juu ya sikio, au hupita baina ya nusu mbili za ubongo, akakaribia anapopataka kwa kukata kidogo sana. Pengine damu iliyovuja huwa yenyewe imeshafungua njia. Kompyuta humwonesha ncha ya chombo chake ilipo, na nyaya zilizounganishwa na mikono na miguu ya mgonjwa humtahadharisha njia za neva zikianza kuumia. Kwenye shina la ubongo, panapoongoza pumzi na kumeza, huangalia kwanza kama kavenoma imejitokeza kwenye uso wa shina. Ikiwa imezungukwa pande zote na ubongo usio na ugonjwa, mara nyingi huachwa. Kwa hiyo kina peke yake hakiamui. Kinachoamua ni njia ya kufikia na kile kinachopitiwa njiani.

Kuhusu mionzi, wapo wanaodhani inayeyusha kila kitu kwa siku moja. Hitilafu ya ateri na vena ikipigwa mionzi hujifunga polepole, miaka 2 hadi 3, na muda wote huo inaweza kupasuka. Kwa kavenoma, mabingwa wenyewe bado wanabishana.

Daktari aliposema tungoje, shangazi alilia, alisikia "nimeshindwa". Utafiti wa ARUBA, uliotolewa 2014, uliwafuata watu 223 wenye hitilafu za ateri na vena ambazo hazijapasuka, siyo kavenoma kama ya kijana wetu. Waliotibiwa kwa dawa tu walipata kiharusi na vifo vichache kuliko waliofanyiwa pia upasuaji, mionzi au kuzibwa mishipa, kwa wastani wa miezi 33. Una wapinzani, nami naona wana hoja: miezi 33 ni michache kwa kijana. Lakini unaonesha kwamba kisu nacho kina madhara yake. Kungoja kwa kijana wetu kuna tarehe ya picha ijayo na dalili za kutukimbiza hospitali.

Pale hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, tangu 2014 pana kituo cha upasuaji wa ubongo kilichojengwa kwa msaada wa taasisi ya NED ya Uhispania. Kabla ya kupanda boti, shangazi aliandika maswali nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa: Inaitwaje? Imevuja mara ngapi? Imefika juu ya uso wa ubongo? Utapita wapi? Umeshafanya mara ngapi?