Kijia kinapokufia miguuni

Njia inayopitwa na watu wengi hujitunza yenyewe: nyayo huisugua, nyasi hazipati pa kuota, na ukikosea utakutana na mtu akurudishe. Kijia cha mlimani kinachoona watu wachache kwa mwaka hakina bahati hiyo. Mvua kubwa moja, mti mmoja ukianguka, hatua ishirini zimefutika. Nimeongoza watu kwenye vijia vya namna hiyo kwa miaka mingi, na karibu kila mgeni huniuliza habari za wanyama wakali. Ninachohofia mimi ni dakika kumi zinazofuata baada ya mtu kujiambia, "Nadhani ni huku."

Zimenikuta mwenyewe. Nilikuwa msituni, nakata ubavu wa mlima, nikafika penye mti ulioanguka. Nikauzunguka kwa chini, na ng'ambo ya pili nikapokelewa na kijia kizuri, kimekanyagwa mpaka udongo unang'aa. Nikakifuata kwa furaha. Kilichonizindua ni matawi: kila nikienda kidogo, tawi linanipiga kifuani, ilhali kuanzia kiunoni kushuka chini hapakuwa na hata kijiti. Mwenye njia ile alikuwa na miguu minne na kimo cha mbuzi. Tangu siku hiyo naangalia juu kabla ya kuangalia chini. Njia ya binadamu ina uwazi wa kupitisha kichwa, ina matawi yaliyokatwa kwa panga au msumeno, na penye mwamba, mawe yaliyokanyagwa miaka mingi hayana yale madoa ya kijivu na kijani yanayoota juu ya mengine.

Kwa hiyo kila nikiona kitu ambacho mnyama hawezi kukifanya, iwe rundo la mawe, gogo lililokatwa au alama ya rangi, nakitaja kwa sauti pamoja na saa: "Rundo la mawe, saa tatu na dakika kumi." Wageni hucheka siku ya kwanza. Kijia kikipotea, mmoja wetu husimama palepale kwenye alama ya mwisho, wengine tunatafuta mbele kwa nusu duara bila kupotezana macho. Robo saa ikipita bila kitu, tunarudi. Nikiwa peke yangu, nafunga kitambaa chekundu mtini kiwe ndiye mwenzangu. Na sifuati kijito kushuka eti kitanifikisha bondeni. Vijito vya mlimani hupenda kuishia kwenye maporomoko, na hapo utajikuta huwezi kushuka wala kupanda.

Yote hayo yanakula muda, na hapa ndipo mipango ya wengi huvunjika. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa hesabu ambayo bado tunaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 12 zenye kupanda mita 900 ni kama saa nne, bila kupumzika. Hesabu hiyo ni ya njia inayoonekana. Kwenye kijia hafifu mimi huongeza nusu yake, zikawa sita, kisha napanga saa ya kugeuka kabla hatujafunga mabegi, maana kilele kikishaonekana hakuna anayehesabu vizuri.

Mito inayolishwa na theluji ivuke alfajiri, maji yakiwa machache, na ufungue mkanda wa begi kiunoni ili ukianguka uweze kulivua. Filimbi ikae shingoni; ukihitaji msaada: milio sita kwa dakika, nyamaza dakika moja, rudia. Ramani iwe ya karatasi, yenye kontua, yaani mistari inayoonyesha mwinuko. Mtu wa nyumbani ajue unapita wapi na lini aanze kuwa na wasiwasi.

Jambo moja husahaulika hata na wazoefu. Kijia kinachojiunga na chako kutoka nyuma hukioni ukienda. Ukirudi, kinageuka njia panda, na mara nyingi kile kisicho chako ndicho kipana. Kwa hiyo nageuka nyuma kila baada ya muda, na penye kona au muungano napiga picha ya nilikotoka. Kisha narudisha simu ndani ya koti, karibu na mwili, kwa kuwa baridi humaliza betri upesi.