Je, wajua kwa nini kiwanja cha kando ya Ziwa Kivu, mjini Goma, mashariki mwa Kongo, hukaguliwa alfajiri?

Tazama Goma kutoka ziwani, uone ilivyobanwa. Mashariki ni mpaka wa Rwanda, mji wa Gisenyi uko palepale mlangoni. Kaskazini kuna uwanja wa ndege, na nyuma yake volkano ya Nyiragongo, ambayo Januari 2002 ilishusha moto katikati ya mji mpaka ukaingia majini. Kusini ni ziwa. Kwa hiyo mji unakimbilia magharibi: Himbi, Kyeshero, Lac Vert, Mugunga, njia ya Sake. Goma ya kesho ya kando ya maji, yenye hoteli na nyumba za ghorofa, itakuwa huko.

Na mazuku yako hukohuko.

Mazuku ni mahali pa bondeni, pengine shimo dogo tu kati ya mawe ya volkano, ambapo kaboni dioksidi imetuama. Neno ni letu. Wataalamu wa volkano wa nchi nyingine wamelichukua vivyo hivyo. Gesi hupanda kutoka chini sana kupitia nyufa za Bonde la Ufa, ikapenya lava yenye matundu. Ni nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, basi haipai: hufuata mteremko kama maji na kujaza shimo. Haionekani wala hainuki. Katika hewa ya kawaida ni asilimia 0.04 hivi, ikifika 10, mtu mzima huzimia kwa dakika chache. Ndani ya mazuku inaweza kupita hapo kwa mbali.

Usiku na alfajiri, upepo ukilala, shimo hujaa. Mchana upepo huipunguza gesi, ndiyo maana mnunuzi anayeletwa saa saba ataondoka akisifu. Mbuzi hutangulia kufa kabla ya mchungaji kwa kuwa pua yake iko chini. Mtoto vilevile, kabla ya baba yake.

(Usichanganye haya na gesi ya Ziwa Kivu lenyewe. Ile, kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani, imekandamizwa vilindini na uzito wa maji, na upande wa Rwanda methani yake inachomwa kupata umeme.)

Wengine husema: tujaze mawe, tumwage zege, yaishe. Mimi siamini. Ufa ulio chini haujazibwa, gesi itatafuta upenyo mwingine, na chumba cha chini ya ardhi ni mazuku yaliyotiwa mlango. Heri nyumba iinuliwe, upepo upite chini yake, na watu walale ghorofani. Penye gesi kali pasijengwe kitu. Pazungushiwe waya, si ukuta, maana ukuta utaifungia gesi ndani.

Kabla ya kulipa, waulize majirani, kisha rudi saa kumi na mbili asubuhi, usimame juu ya ukingo. Angalia kama kuna wadudu waliokufa. Ukiona ndege amelala chini bila jeraha, usishuke kumwokota.