Mchonga Mawe Mwitaliano wa Barre na Vita Kuu ya Kwanza: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mji wa Barre, jimbo la Vermont, Marekani, uliinuka kwa graniti. Kuanzia miaka ya 1880 mafundi wengi walioichonga walitoka Italia ya kaskazini, hasa Carrara na vijiji vya Lombardia kama Viggiù. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, wahamiaji wa aina yao walivaa sare. Habari zao zimechanganyika na maneno ya kuokota, hata ndani ya koo zao wenyewe.

Dhana: Babu alikufa kwa sababu ya gesi ya vitani.

Huenda kwa baadhi yao. Lakini kwa mchonga graniti, chunguza kwanza kazi yake. Marumaru ya Carrara karibu yote ni chokaa. Graniti, takriban robo yake ni kwatzi, yaani silika tupu. Fundi aliyezoea marumaru tangu utotoni alishika tindo lile lile huko Barre, ila vumbi lake sasa lilikuwa la kuua. Mwanzoni mwa karne ya 20 zikaenea nyundo za hewa, ambazo hupiga kwa kasi na kusaga jiwe likawa laini kama unga. Baridi ya Vermont ikiingia, milango ya karakana ilifungwa na vumbi likabaki humo humo na watu.

Vumbi linaloonekana si baya kuliko lote. Chembe zinazoleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu wa vumbi la silika, ni zile zisizoonekana kwa macho, za chini ya mikroni 5 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Hizo hupenya mpaka kwenye vifuko vya hewa vya mapafu na kuacha makovu. Mtu aliweza kuchonga miaka 10 hadi 20 kabla ya kuanza kukohoa, halafu mapafu yaliyodhoofika yakashikwa na kifua kikuu. Ndiyo maana vyeti vingi vya kifo vinataja kifua kikuu tu, na silika haisemwi.

Gesi ya haradali hufanya kazi tofauti: ndani ya saa chache macho huvimba na ngozi hutoka malengelenge. Kwa hiyo linganisha tarehe. Aliyerudi mzima mwaka 1919, akaingia tena karakanani, na kuanza kukohoa miaka ya 1930, ana dalili za vumbi. Mitambo ya kunyonya vumbi ilienea Barre mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930, na ilisaidia pale tu mdomo wa mtambo ulipowekwa karibu kabisa na ncha ya tindo. Ukisogezwa mbali kidogo, vumbi huponyoka.

Dhana: Kila mgeni alilazimishwa kwenda vitani.

Kujiandikisha, ndiyo: sheria ya Mei 1917 iliwagusa wanaume wote wa miaka 21 hadi 30, raia na wageni. Kuchukuliwa ni jambo jingine. Aliyekuwa ameshatangaza nia ya kuwa raia aliweza kuitwa. Ambaye hakuwa ametangaza alikuwa na haki ya kusamehewa, ila ilimbidi aidai mwenyewe. Asiyejua Kiingereza aliweza kuipoteza haki hiyo mbele ya meza ya karani. Italia nayo ilimhesabu kuwa askari wake: sheria yake ya uraia ya 1912 haikumwondolea wajibu wa jeshi hata akichukua uraia wa nchi nyingine.

Dhana: Sare ilimpa uraia moja kwa moja.

Hapana. Sheria ya tarehe 9 Mei 1918 iliwaondolea askari sharti la kukaa miaka mitano na la kutangaza nia kwanza, lakini kila mmoja alipaswa kuomba. Maombi mengi yalisikilizwa makambini. Kama jalada la ombi lake halipo katika mahakama ya mji wake, litafute karibu na kambi alikofunzwa. Kwa vijana wa Vermont, anza na kambi ya jeshi ya Camp Devens, Massachusetts.

Dhana: Makarani wa Ellis Island walimbadilisha jina.

Ellis Island kilikuwa kituo cha kupokelea wahamiaji katika bandari ya New York. Makarani wake walifuata orodha ya abiria iliyoandikwa bandarini alikopandia meli. Majina yalibadilika baadaye, kazini, shuleni na jeshini.

Dhana: Moto wa 1973 ulimaliza kumbukumbu zote.

Moto huo, katika hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi wa Marekani huko St. Louis, uliteketeza takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Kadi za kujiandikisha za 1917 na 1918 hazikuwemo. Zipo takriban milioni 24, zikiwa na kazi ya mtu, mwajiri wake na sahihi yake mwenyewe. Zitafute kwa tahajia ya Kiitaliano na ya Kiingereza pia.